Mbu wa Ifakara anajua mnakaa nje

Saa kumi na mbili na nusu jioni Ifakara nzima huhamia uani. Jua limeshazama nyuma ya safu ya Udzungwa, lakini ndani ya nyumba za bati joto la mchana kutwa bado limejazana, na hakuna mwenye akili zake anayekwenda kukaa humo kabla ya saa tatu. Mikeka inatandikwa. Jiko la mkaa linapepewa, baiskeli zinaegemezwa ukutani, wali wa mpunga mpya unanukia mpaka nyumba ya tatu, watoto wanabembelezwa wakaoge. Muda huohuo mbu naye anatoka alikojificha na kuanza kazi. Hapigi hodi, wala haulizi kama chakula kiko tayari, kwa sababu anajua kipo na kimeketi mkekani.

Kwa zaidi ya miaka sabini wasomi wa mataifa mengi wamekuwa wakija bonde la Kilombero kumchunguza mdudu huyu. Wamempima mbawa, wamemhesabu, wamemfuga, wamemtegea harufu. Muda wote huo mbu alikuwa akiwachunguza wenyeji, tena bila ufadhili. Anajua saa ya kupika, saa ya mpira, msimu wa kwenda shamba na siku ya msiba. Ratiba ya mji anaijua kuliko mtendaji wa kata.

Aliyesahaulika katikati ya wachunguzi hao wawili ni mwenyeji. Kwenye mabango na mikutano ya hadhara anahutubiwa kana kwamba hajawahi kukutana na mbu: mbu huleta malaria, lala ndani ya chandarua, fukia madimbwi. Mwenyeji anasikiliza, anaitikia, anapiga makofi. Kisha anarudi nyumbani kukaa uani, kwa kuwa bango halikusema lolote kuhusu saa nne zilizopo kati ya jua kuzama na kitanda. Saa hizo nne ndizo maisha yenyewe ya Kilombero, na elimu ya malaria isiyoanzia hapo itaendelea kufika wakati mbu ameshashiba.

Mgeni anayefika mara ya kwanza, hasa aliyetokea kwenye baridi za Njombe au Arusha, hudhani watu wa bonde hili wana ugomvi na miili yao. Mzee anasimulia habari za mpaka wa shamba, katikati ya sentensi anajizaba kofi la mguu, anakitazama kiganja, anakipangusa kwenye suruali na kuendelea na neno lilelile alipoliachia. Msikilizaji naye anajipiga begani huku akiitikia "ndiyo, ndiyo." Mazungumzo ya watu watano yana mlio wa makofi ya kutosha kufungulia harusi, na hakuna anayeshtuka.

Kupiga mbu kuna adabu zake. Mbu aliyetua kwenye mwili wako ni wako, umalizane naye utakavyo. Aliyetua kwa mwenzako anatangazwa kwanza: "Tulia, tulia, usitikisike." Shida inaanzia kwa wakwe. Mbu akitua kwenye paji la uso la baba mkwe, kijana afanye nini? Akimpiga, amempiga mkwe. Akinyamaza, ameshuhudia mkwe akinyonywa damu na hakusema kitu. Waliolelewa vizuri hupunga hewa kwa mbali na kusema kwa sauti ya chini kwamba kuna mdudu hapo, baba, upande wa kulia. Kwa mtani mambo ni mepesi zaidi. Kofi la mtani hushuka mgongoni hata kama mbu ameshaondoka, na wote waliopo wanaapa kuwa walimwona.

Kuna pia sayansi ya moshi. Mmoja anaamini pumba za mpunga, mwingine kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, mwingine maganda ya machungwa au kivumbasha kilichowekwa juu ya makaa. Kila ua una mtaalamu wake, na kila mtaalamu huwadharau wa jirani. Moshi ukizidi, binadamu ndio wanaohama, wakikohoa, kwenda kukaa upande wa pili ambako hakuna moshi. Mbu anawafuata huko.

Historia ya mji huu kuulizwa maswali ni ndefu. Rudolf Geigy, mtaalamu wa wanyama kutoka Basel nchini Uswisi, alifika Ifakara mwaka 1949, akawakuta wamisionari Wakapuchini, Waswisi wenzake, wakitoa tiba. Mwaka 1957 akafungua maabara. Siku hizo shughuli kubwa ilikuwa papasi, mdudu wa nyumba za udongo aletaye homa ya vipindi, kwa hiyo kizazi cha mababu kilizoea kumwona Mzungu akiinama kwenye vibanda na kuchokonoa nyufa za sakafu akitafuta kitu ambacho kila mtu alikuwa akikikimbia. Maabara ikakua. Mwaka 1991 ikawa Kituo cha Ifakara, na mwaka 2008 ikachukua jina la leo, Taasisi ya Afya Ifakara, inayojulikana duniani kote kwa herufi tatu za IHI.

Takwimu zilizotoka bondeni humu zilitisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walikadiria kwamba mkazi wa Namawala, kijiji cha magharibi mwa Ifakara, alikuwa akiumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Hao ni wenye vimelea tu. Wale wasio na ugonjwa wowote, wanaokuja kwa ajili ya chakula, hawakuingizwa kwenye hesabu hiyo, ingawa ndio wengi na ndio wanaoimba sikioni usiku kucha. Huko Idete, mwaka 1993, watoto wadogo waliingizwa kwenye majaribio ya chanjo ya SPf66 iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Colombia. Matokeo ya 1994 yalionyesha kinga ya asilimia 31, dunia ikashangilia, kisha majaribio ya Gambia na Thailand yakaizima shangwe hiyo. Mtu wa Idete alikuwa ameshaingia kwenye majarida makubwa ya tiba kabla kijiji chake hakijapata umeme.

Kuulizwa kwa miongo yote hiyo kumezaa ustadi. Kuna akina mama Kilombero ambao wamejibu madodoso mengi kiasi kwamba wanajua swali linalofuata kabla msaili hajageuza ukurasa. Kijana wa dodoso anakaribishwa kiti, anauliza idadi ya watu wa kaya, aina ya paa, chanzo cha maji, kisha anafika kwenye swali lenyewe: jana usiku ulilala ndani ya chandarua? Jibu ni ndiyo. Linatolewa kwa upole na tabasamu, kwa sababu mgeni aliyekanyaga tope kutoka barabarani hawezi kuvunjwa moyo na mwenye nyumba. Msaili mzoefu anaomba basi akione chandarua chenyewe. Hapo ndipo mwenye nyumba anapokumbuka kwamba kimefuliwa, au kimesafiri na shangazi, au kipo juu ya kabati ndani ya mfuko wake wa plastiki, kikisubiri mgeni wa heshima.

Asidhani mtu kwamba huo ni uongo wa kutojua. Chandarua Kilombero kina historia inayozidi ya mikoa mingi. Mwaka 1996 mradi wa kuuza vyandarua vyenye dawa ulianza katika wilaya za Kilombero na Ulanga, na bidhaa yake ikapewa jina lisilohitaji maelezo: Zuia Mbu. Katika vijiji vilivyokuwa vikifuatiliwa, watoto wachanga waliolala kwenye vyandarua vyenye dawa walikuwa chini ya asilimia 10 mwanzoni, na baada ya miaka mitatu wakavuka nusu. Ripoti iliyochapishwa mwaka 2001 katika jarida la Lancet ilionyesha kwamba vyandarua hivyo viliongeza uhai wa watoto kwa asilimia 27. Mafanikio hayo yaliisaidia serikali kuingia nchi nzima na Hati Punguzo mwaka 2004, karatasi aliyopewa mjamzito kliniki akaenda nayo dukani kununua chandarua kwa bei nafuu. Mwaka 2010 wasanii wakaimba Zinduka na mabango yakatangaza kuwa malaria haikubaliki. Kilombero ilikuwa imeshazinduka miaka kumi na minne nyuma.

Kwa hiyo wenyeji wana maoni kamili juu ya neti, na maoni yao ni ya watumiaji wakongwe. Nyeupe haipendwi na wengi: inaonyesha uchafu upesi, na usiku ukifumbua macho ghafla inakumbusha sanda. Ya duara inapendeza kwenye kitanda cha maharusi lakini haina nafasi, mguu wowote ukinyooka unagusa ukuta wa neti na mbu anamalizia hapohapo kwa nje. Ya pembe nne ni ya familia, ila inataka misumari minne na kamba nne, na katika chumba cha kupanga mwenye nyumba hataki ukuta wake utobolewe. Halafu kuna kuchomeka. Baba akiingia mwisho ndiye mwenye jukumu la kuchomeka pembe zote chini ya godoro akiwa ndani, gizani, bila kuwaamsha watoto wawili waliolala katikati. Akimaliza, anagundua kwamba mbu mmoja alikuwa ameshaingia mapema na sasa wamefungiwa naye pamoja mpaka asubuhi.

Neti ikizeeka inastaafu kwa heshima. Inafunika vifaranga wasibebwe na mwewe, inazungushiwa bustani ya mchicha, inatandazwa juu ya samaki wanaokaushwa, inakuwa goli la watoto. Zipo zinazoishia mtoni kuvulia, jambo ambalo sheria ya uvuvi inalikataza kwa kuwa matundu yake hayamwachi hata perege wa jana. Wandamba, wavuvi wa asili wa bonde hili, hawahitaji afisa wa kuwaeleza samaki hao watakwenda wapi. Kinachowashinda ni kwamba mto ni wa wote na neti ni ya bure.

Ujuzi huu wa wenyeji una mantiki yake hata pale unapotofautiana na wa hospitali. Mwaka 1998 wanaanthropolojia waliofanya kazi Ifakara waliandika jinsi watu walivyoeleza jambo moja gumu: mgonjwa ana dalili zote za malaria, anakwenda kupimwa, darubini inasema hakuna vimelea. Baadhi walijibu kwamba ile ni malaria bandia iliyotengenezwa na wabaya, au vimelea vipo ila vimefichwa daktari asivione. Mtu anaweza kucheka. Lakini ukiweka uchawi pembeni, hoja imepangika vizuri: anayesema hivyo anakubali kwamba malaria ina vimelea, anakubali kwamba darubini huviona, na anatafuta sababu ya darubini kushindwa siku ile. Aliyefikia hapo hahitaji kufundishwa kwamba mbu huleta malaria.

Soksi nazo zina sehemu yao katika habari hii. Mwaka 2006 Bart Knols na Ruurd de Jong wa Uholanzi walipewa tuzo ya Ig Nobel, ile inayotolewa kwa tafiti zinazochekesha kwanza kisha zikafikirisha, kwa kuonyesha kwamba mbu jike wa malaria anavutiwa na jibini la Limburger sawasawa na anavyovutiwa na miguu ya binadamu. Jibini hilo halifiki Ifakara. Miguu ipo. Mwanasayansi Fredros Okumu na wenzake wa IHI wakatengeneza harufu ya bandia ya mtu kwa kuchanganya amonia, hewa ukaa na tindikali zinazotoka kwenye jasho, na wakachapisha matokeo mwaka 2010. Mwaka 2011 wafadhili, Grand Challenges Canada na taasisi ya Bill na Melinda Gates, wakatoa dola 775,000 kwa mtego wa nje unaotumia harufu hiyo au harufu ya soksi zilizovaliwa. Magazeti ya Ulaya na Marekani yakapata vichwa vya habari vya wiki nzima.

Bondeni watu walishangaa kwa sababu nyingine. Katika mji wa kandambili na tope la mpunga, soksi ni vazi la mwanafunzi na la bwana harusi. Kupata soksi yenye harufu inayotosheleza utafiti ni kazi inayotaka mtu aliyejitoa. Lakini utamu wa utafiti wa 2010 uko kwenye jambo moja ambalo vichwa vya habari viliruka. Harufu ya bandia ikiwekwa kwenye kibanda chake, na binadamu akalala kwenye kibanda kingine, mbu walikwenda kwa wingi zaidi kwenye harufu. Vikiwekwa pamoja katika kibanda kimoja, mbu waligundua na wakamrudia mtu. Yaani mbu wa Kilombero hudanganyika akiwa mbali. Akifika karibu anatofautisha ahadi na chakula, uwezo ambao wapiga kura wengi wangeuhitaji.

Ili kujua haya yote, lazima awepo mtu wa kukaa macho. Kazi yenyewe inafanyika hivi. Kijana anakaa kwenye kiti nje ya nyumba saa kumi na mbili jioni, suruali imekunjwa mpaka magotini, miguu mitupu. Mkononi ana tochi, mdomoni ana mpira mwembamba uliounganishwa na bomba la kioo. Hapepei, hajikuni, hajipigi. Anasubiri. Akihisi mguso kwenye shavu la mguu, anawasha tochi, anasogeza mdomo wa bomba juu ya mbu kabla hajazamisha mdomo wake, anavuta pumzi mara moja, na mbu yumo ndani ya kioo, akihangaika nyuma ya kipande cha wavu kinachomzuia asifike kooni kwa mvutaji. Anampuliza kwenye kikombe cha karatasi. Dakika 45 za kukamata, robo saa ya kupumzika, kisha kikombe kipya chenye saa mpya juu yake. Inakwenda hivyo mpaka alfajiri, naye anapewa dawa za kumkinga.

Kwa mtu aliyezaliwa bondeni, ugumu hauko kwenye kukesha, maana hapa watu hukesha kwa sababu nyingi. Ugumu ni kuuzuia mkono. Mkono uliofundishwa tangu utotoni kushuka wenyewe sasa unalipwa ili utulie. Siku hizi IHI imebuni njia nyingine zisizompa mbu ngozi ya mtu, kuanzia Hema la Ifakara ambalo mtu hulala ndani na mbu hunaswa akitafuta njia ya kumfikia, mpaka mitego ya vyandarua viwili na ya nyaya za umeme.

Vile vikombe vya karatasi, vikipangwa kwa saa, vinatoa ratiba ya mbu. Na ratiba imebadilika. Mwaka 2011 watafiti waliochunguza vijiji vya bonde waliripoti kwamba baada ya neti kuenea, sehemu kubwa zaidi ya mbu waliobaki walikuwa wakiuma nje. Sababu haina muujiza. Neti ilimpiga sana mbu wa zamani, Anopheles gambiae, aliyezoea kuingia ndani usiku wa manane. Aliyenufaika na nafasi hiyo ni ndugu yake arabiensis, mwepesi wa kuuma mapema, nje, na akikosa mtu anakula kwa ng'ombe, ambao wameongezeka bondeni tangu wafugaji wa Kisukuma na wengine walipohamia. Mbu mwingine wa malaria, Anopheles funestus, bado anaingia ndani na ameshazoea dawa za neti. Utafiti wa 2017 ulionyesha kwamba ni mchache kwa idadi, lakini zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi katika vijiji vilivyochunguzwa yalitoka kwake.

Ukiiweka ratiba ya mbu kando ya ratiba ya watu, utaona kwamba zinafanana. Mwanamke anapika nje kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa mbili, miguu ikiwa jirani na jiko na mgongo ukiwa gizani. Wanaume wako kwenye kibanda umiza wakitazama Simba na Yanga, na siku ya ligi za Ulaya mechi huisha karibu saa sita usiku. Ngoma ya sangula ya Wapogoro haichezwi chini ya neti. Msimu wa mpunga familia nyingi huhamia shamba kwa miezi, zikilala kwenye vibanda na kukaa juu ya dungu kufukuza ndege. Neti huenda nazo, imefungwa kwenye keria ya baiskeli pamoja na jembe na sufuria, lakini kibanda cha nyasi hakina ukuta wa kupigilia msumari, na ndege hawangoji mtu amalize kuchomeka.

Msiba ndio mtihani mkubwa kuliko yote. Wafiwa na majirani hulala nje, kwenye mikeka, usiku kwa usiku mpaka matanga yaishe. Hakuna bango litakalomfanya mtu abebe neti yake kwenda msibani. Angeonekana amekuja kustarehe. Angetazamwa na mashangazi kwa jicho ambalo hakuna chanjo yake. Mtu mwenye shahada ya afya ya jamii, siku akifiwa Mang'ula au Lupiro, atalala mkekani bila neti na wenzake, kwa kuwa kuumwa na mbu kwa siku tatu kuna dawa hospitalini, na kusemwa kwamba alijitenga msibani hakuna.

La kutia moyo ni kwamba wasomi wa Ifakara wenyewe, wengi wao vijana wa Kitanzania, wameanza kuwatazama watu kwa umakini ule waliomtazamia mbu. Wameandika saa kwa saa nani yuko jikoni, nani yuko kibarazani, nani bado yuko njiani. Mwaka 2016 walichapisha utafiti ambao mtaji wake ulikuwa heshima: waliwaomba wanakijiji waonyeshe kwenye ramani sehemu ambazo wao wanaona mbu wamezidi, kisha wakatega mitego kuhakiki. Kwa kiasi kikubwa wanakijiji walikuwa sahihi. Wengine walifundishwa kutafuta makundi ya mbu dume yanayocheza hewani jioni, yakisubiri majike, na wakayapata.

Kisha mwaka 2020 zikaja tafiti ambazo bibi yeyote wa Kilombero angeweza kuziagiza miaka hamsini iliyopita, kama mtu angemuuliza. Moja ilijaribu viti na utepe wa gunia la katani vilivyowekwa dawa ya kufukuza mbu, ili watu wakae nje na kuongea. Nyingine ilijaribu kandambili zenye dawa hiyohiyo kwenye mikanda. Kiti na kandambili! Baada ya miongo ya kumwambia mtu aingie ndani, sayansi ikavuta kiti ikakaa naye nje, na mbu wakapungua kwenye majaribio hayo. Hakuna tabia iliyobadilishwa wala mtu aliyesemwa mbele ya mkutano.

Hapo ndipo halmashauri zilizomo katika wilaya za Kilombero, Ulanga na Malinyi zinapotakiwa kushika mkondo. Kiti cha utafiti hakiwezi kubaki kwenye picha za mikutano ya Geneva. Kila mji mdogo wa bonde hili una mtu anayekodisha viti vya plastiki na turubai, na ndiye mtu wa kwanza kupigiwa simu kukiwa na msiba, harusi, kipaimara au kikao cha mahari. Viti vyake huona jioni nyingi zaidi kuliko ofisi yoyote ya afya. Huyo apewe utepe wenye dawa wa kufunga nyuma ya viti, afundishwe kuubadilisha nguvu yake ikiisha, na gharama ianze kubebwa na bajeti ileile inayochapisha mabango. Mwenye kibanda umiza apewe wake wa kuzungushia dari. Wauza kandambili wa sokoni wahusishwe mapema, maana wao wanajua ni rangi gani mtu wa Malinyi hawezi kuivaa hata akilipwa.

Mkodishaji ataongeza bei, bila shaka. Atasema viti vya kawaida ni bei ile, vya dawa ni bei ile na kidogo juu. Kamati ya harusi itakaa kulijadili, kama kawaida yake, kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka saa nne usiku, uani kwa mwenyekiti. Watakaoona nyongeza hiyo ni kubwa watatakiwa kutoa hoja zao huku mikono ikiwa imetulia mapajani, na katibu aandike nani alishindwa.